Kuhesabu Hadi Hamsini

Butiama, 23 Aprili 2025

Mama Tereza, mkwe wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tunaamka na tunalala. Mvua imenyesha vizuri wiki mbili, maharage yametoa maua. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike siku ya Ijumaa Kuu, watu wote tukiwa kanisani tunabusu Msalaba, kwa hiyo alizaa peke yake. Wote wawili wazima. Shemeji yako Mniko alikuja kutoka Musoma na wanawe, akakaa siku moja, akarudi. Alileta sato wawili. Mmoja nilimpa jirani yangu Scholastika kwa sababu peke yangu siwezi kumaliza samaki wawili.

Tereza hajambo? Meno ya mbele yameota?

Nakuandikia kwa sababu unayajua masikio yangu. Simu naiona inatetemeka, naiweka sikioni, nasikia kama mvua juu ya bati, basi. Barua hii nampa Isaya anayepeleka ndizi soko la Bunda kila Jumanne na Ijumaa. Ukijibu mpe yeye. Akichelewa usimlaumu, pikipiki yake ni mgonjwa kuliko mimi.

Sasa neno langu ni hili. Padre amegawa sikukuu kwa jumuiya zote za kigango, kila jumuiya iwaeleze watoto wa Kipaimara sikukuu moja. Sisi tumepewa Pentekoste. Nikasema hiyo rahisi: Roho Mtakatifu aliwashukia mitume, upepo, ndimi za moto, Kanisa likazaliwa. Padre akaniandikia kwenye karatasi, maana anajua sisikii: "Hiyo kila mtu anaijua. Waambieni ilitoka wapi. Siku hiyo ilikuwa sikukuu tayari kabla mitume hawajajifungia chumbani."

Sikukuu ya nani? Ya kitu gani? Na kwa nini hamsini? Wenzangu wote walinitazama mimi kwa kuwa marehemu mume wangu alikuwa katekista, kana kwamba elimu yake ilibaki kwenye mto wa kitanda. Nikawaambia mkwe wangu ni mwalimu, nitamuuliza. Basi nakuuliza.

Kaburi la mwanangu limetitia upande wa miguu baada ya mvua hizi. Mniko amesema ataleta moramu ya kujazia.

Pasaka tuliwangoja.

Mimi bibi yake Tereza,
Helena

*

Bunda, 4 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Milele amina kwa salamu yako. Barua niliipata Ijumaa. Tereza hajambo, jino moja limeota, limekaa upande. Alikuwa na homa wiki iliyopita, tulipima, si malaria. Shule tunaendelea. Nafundisha darasa la nne mwaka huu. Naingia, wanasimama, wanaamkia, naitikia, wanakaa. Juzi nilisahihisha daftari la mtoto mmoja mara mbili bila kujua. Mara ya kwanza nilimpa saba, mara ya pili nikampa tano. Mtoto mwenyewe hakuuliza.

Pasaka sikuja kwa sababu nilikuwa na kazi za shule.

Majibu ya maswali yako ni haya. Nimeyatafuta kwenye simu na kwa Sista mmoja wa parokia hapa.

Pentekoste ni neno la Kigiriki, maana yake "ya hamsini", yaani siku ya hamsini. Wayahudi wenyewe waliiita Sikukuu ya Majuma. Ilikuwa sikukuu ya shambani. Wakati wa Pasaka yao shayiri ilikuwa imeanza kuiva. Walikata mganda wa kwanza, kuhani akauinua mbele za Mungu. Kuanzia siku hiyo wakahesabu. Majuma saba kamili, siku arobaini na tisa, na siku ya hamsini ngano nayo ilikuwa imeiva. Siku hiyo walipeleka mikate miwili ya ngano mpya. Mikate hiyo ilitiwa chachu. Hili Sista alilikazia, kwa sababu mkate wa Pasaka hauna chachu, ni mkate wa watu waliotoka mbio. Huu wa siku ya hamsini ni mkate wa watu waliokaa wakangoja unga uumuke.

Ilikuwa moja ya sikukuu tatu ambazo wanaume wote walitakiwa kwenda Yerusalemu. Ndiyo maana siku ile mitume walipopata Roho Mtakatifu mji ulikuwa umejaa watu wa kila nchi na kila lugha. Hawakuja kumwona Roho Mtakatifu. Walikuja na malimbuko yao, mambo yakawakuta huko.

Baadaye walimu wa Kiyahudi walisema pia kwamba ndiyo siku Mungu alipowapa Musa na watu wake Sheria kule mlimani, penye moto na moshi. Kwa hiyo moto ulikuwepo tangu zamani.

Kuhesabu kwenyewe walikuwa wanakufanya kwa sauti, kila siku jua likizama. "Leo ni siku ya kwanza." "Leo ni siku ya pili." Mpaka leo wanafanya hivyo. Waambie watoto hilo, watalipenda.

Leo ni siku ya kumi na tano tangu Pasaka yetu. Kanisa linasema siku hizi zote hamsini ni siku moja ya furaha. Mimi nahesabu tu.

Jenipher

*

Butiama, 12 Mei 2025

Mama Tereza,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Barua yako imefika siku tuliyochuma maharage ya kwanza. Nimekutilia kidogo kwenye mfuko kwa Isaya, yachemshe na magadi kidogo tu. Ndama anakunywa. Scholastika amefiwa na mjomba wake huko Nyegina, ameenda, kwa hiyo nafunga milango miwili kila jioni, wangu na wake.

Majibu yako niliwasomea jumuiya. Halafu Mzee Hezron, mwenyekiti wetu, akauliza (Scholastika aliniandikia, kabla hajaondoka): "Kumbe Roho Mtakatifu alikuja siku ya mavuno?" Nikamjibu ndiyo. Akasema basi yeye atapeleka mtama wake altareni siku hiyo, na asipoupeleka asiitwe Hezron. Tumekubaliana kila nyumba itoe limbuko. Na mimi nimeambiwa nioke mikate miwili kwa hamira. Sijaoka mkate tangu mume wangu afe, lakini sufuria ipo.

Halafu kuhusu lugha. Watoto wetu wa Kipaimara, wamo Wazanaki, wamo Wakurya, yupo Mjita mmoja, wawili Wasukuma, na binti wa daktari ambaye kwao ni Uhaya. Tumesema kila mmoja asimame atoe salamu ya nyumbani kwao. Padre amefurahi.

Kuna jambo sijakuambia. Mwanangu Emanuel alipanda mtama. Ile wiki ya kwanza ya Februari alikuja siku moja, akalima kipande cha karibu na barabara, akapanda, akarudi Musoma kwenye mashine zake za mitumbwi. Sikupalilia. Nilikuwa napita njia nyingine. Umeota hivyo hivyo na magugu yake, na sasa umetoa vichwa. Mniko anasema nimwite mtu aukate. Sijamwita.

Nimeandika sentensi hapa nikaifuta. Usijali.

Wiki tatu na siku kadhaa zimebaki. Mkija kwa Pentekoste nitafurahi. Msipokuja pia nitajua mna kazi za shule.

Helena

*

Bunda, 31 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Isaya aliniuliza mara tatu kama nina barua, nikamwambia bado. Maharage yalikuwa matamu, Tereza alikula. Poleni kwa msiba wa Mama Scholastika.

Nimesoma zaidi kuhusu zile siku za kuhesabu. Hili hatukuambiwa na Sista, nililikuta mwenyewe. Kwa Wayahudi siku hizo, kwa sehemu kubwa, zimekuwa siku za maombolezo. Hawafungi ndoa, hawakati nywele, hawapigi ngoma. Inasimuliwa kwamba zamani wanafunzi wa mwalimu wao mmoja mkubwa walikufa wengi mno katika majuma hayo. Kwa hiyo wanahesabu kwenda kwenye sikukuu na huku wanaomboleza. Yote mawili kwa pamoja. Niliposoma hilo nilikaa muda mrefu. Sikuhisi kitu, ila nilikaa.

Siku ya sikukuu wanasoma kisa cha yule mjane wa Moabu. Unakijua. Mumewe alikufa, akamfuata mama mkwe wake mpaka nchi ya mama mkwe, akaokota masazo ya mavuno kwenye mashamba ya watu. Na mama mkwe alipofika kwao aliwaambia wanawake wasimwite tena jina lake, wamwite Mara, yaani chungu. Nina miaka thelathini na tatu, nimeandika jina hilo la mkoa wetu kwenye kila bahasha na kila fomu, na sikuwahi kujua. Niliacha kusoma hapo.

Mama, ile sentensi uliyoifuta niliisoma. Ulikandamiza kalamu. Niliishika karatasi dirishani ikasomeka: "Ile Jumamosi alikuambia anakuja kwako?"

Nitakujibu, maana sina nguvu ya kuendelea kutojibu.

Hakuniambia. Ijumaa ile, Februari ishirini na nane, tuligombana kwa simu. Alikuwa hajaja Bunda wiki mbili. Alisema kazi, mimi nikasema maneno. Jumamosi asubuhi nilimpigia tena. Nilimwambia: "Kama huji leo, usije tena." Nikakata. Saa sita mchana alikuwa amekufa pale Makutano. Polisi walisema lori lilimgonga katikati kabisa, pale njia zinapogawanyika, ya Bunda kulia, ya Butiama mbele, kwa hiyo haijulikani alikuwa anaelekea wapi. Mimi najua. Alikuwa anakuja kwangu kwa sababu nilimtisha.

Tulimzika Jumatatu. Jumatano tukapakwa majivu. Wewe ulinishika mkono kaburini ukadhani unamshika mjane. Ndiyo maana Pasaka sikuja. Si kazi za shule.

Juzi nilijikata nikikata kitunguu. Niliona damu kwenye ubao, nikaanza kutafuta ni ya nani.

Huna haja ya kujibu.

Jenipher

*

Butiama, 4 Juni 2025

Jenipher,

Leo sitakusalimia sana. Wote wazima.

Nimesoma. Nami nitaandika haraka kabla sijaogopa. Ijumaa ile ile nilikwenda kwa Scholastika, nikamwomba amtumie Emanuel ujumbe kwa simu yake. Nilimwambia aandike: "Mama yako ni mgonjwa sana, njoo kesho." Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimepika, nimekaa, nimechoka kuitazama njia. Nikamdanganya mtoto wangu ili aje kula.

Kwa hiyo njia ya mbele ilikuwa ya kwangu. Wewe unasema alikuwa anakuja kwako. Mimi kila siku najua alikuwa anakuja kwangu. Kaburini nilikushika mkono kwa sababu nilikuwa nakuficha kitu.

Na yule mjane wa Moabu, mimi sikukuambia unifuate. Wewe bado kijana. Una kazi yako, una mtoto. Usije kwa sababu ya kisa.

Jumapili ni Pentekoste. Misa saa tatu.

Helena

*

Bunda, 22 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Tulifika salama siku ile. Tereza bado anauliza ndama anaitwa nani.

Najua tulipokuwa kwako hatukuzungumza. Tulikaa jikoni, ukaniambia nikuletee chumvi, nikakuletea. Nadhani wote wawili tulikuwa tunaogopa kwamba mmoja akianza hatujui ataishia wapi. Na wewe usingenisikia bila kupiga kelele, na maneno yale si ya kupigiwa kelele. Kwa hiyo nakuandikia. Kwanza nakuandikia Misa, kwa sababu ulikuwepo lakini hukusikia.

Padre alivaa nyekundu, hiyo uliiona. Katika mahubiri alisema kwamba mitume walikuwa wamekaa chumbani siku kumi tangu Bwana apae, na Maandiko hayasemi walijisikiaje. Alisema huenda hawakujisikia chochote. Huenda walikuwa wanakula, wanalala, wanahesabu siku. Alisema: "Roho hakuwakuta wakiwa na moto. Alikuja nao mwenyewe." Nilimsikia vizuri. Sikuona upepo wowote, Mama. Nakuambia ukweli. Nilitazama mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yangu, shati lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Mzee Hezron alipopita na mtama wake begani watu walipiga vigelegele. Mikate yako ilipopita mama mmoja nyuma yangu alisema, "Huu mmoja umeungua chini," na mwenzake akamwambia, "Mungu hageuzi mkate."

Halafu watoto wa Kipaimara. Mkurya alitoa salamu kwa nguvu kama anafukuza ngedere. Mjita alisema ya kwetu sawasawa, nikajikuta naitikia kwa sauti peke yangu. Wasukuma walicheka katikati. Yule binti wa daktari alisahau ya kwao, akaanza upya. Wakafika Wazanaki, wakasimama watatu, na hapo ndipo Tereza alipotoka mkononi mwangu. Uliona alivyokwenda mbele. Nilidhani anakwenda kwako. Alisimama na wale wakubwa, mikono nyuma, wao walipomaliza na yeye akasema yake. Sentensi mbili. Kanisa lote likamwitikia.

Mimi Kizanaki sikijui. Sikujua kwamba anakijua. Sikuwahi kuwasikia yeye na baba yake wakikizungumza. Maneno yale siyajui hata sasa, na wewe uliyeyajua hukuyasikia.

Nilipomuuliza kwenye gari alisema, "Baba alinifundishaga, tukiwa wawili." Basi.

Sasa jambo la pili. Jana nilikwenda Musoma kutoa vitu vya Emanuel kwenye kile chumba alichopanga Mwigobero, mwenye nyumba alikuwa anakitaka. Ufunguo ulikuwa kwa Thadeo, yule fundi mwenzake wa mashine za mitumbwi. Unamkumbuka, ndiye aliyelia sana msibani tukamshangaa. Alinisaidia kukunja godoro. Vitu havikuwa vingi. Nilikuwa nafunga boksi, nikasema tu, bila kukusudia, "Sijui hata alikuwa anakwenda wapi siku ile."

Thadeo akaniangalia. "Shemeji, hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Alikuwa anapeleka pampu Lamadi, kule mbele ya Bunda. Kuna mteja mashine ilimkwamia, akapiga simu asubuhi. Ilikuwa niende mimi. Mimi nilikuwa na tumbo, akasema ataenda yeye. Niliwaambia polisi. Nilidhani na ninyi wamewaambia."

Nikamwambia, "Mimi nilimpigia asubuhi ile."

"Ndiyo, nilikuwepo."

"Alisema nini?"

Thadeo aliona aibu kidogo. "Alisema, 'Huyu mwanamke mpaka jioni atakuwa amepoa. Nikitoka Lamadi nitampitia na samaki.'"

"Na ujumbe wa mama yake?"

Hapo alitabasamu, Mama. Samahani, lakini alitabasamu. Akasema Emanuel alimwonyesha ule ujumbe, akacheka, akasema: "Mama anaumwaga kila nikipitisha wiki tatu. Nitaenda kesho baada ya Misa."

Nilikaa juu ya boksi. Thadeo alikuwa anaendelea kuomba msamaha, kwamba zamu ilikuwa yake, kwamba hajalala vizuri tangu siku ile. Nilimtazama nikaona watu watatu, kila mmoja kwenye nyumba yake, kila mmoja ana lori lake. Nilimwambia si kosa lake. Niliyasema kwa urahisi. Sijui kwa nini kwake yalikuwa rahisi.

Mama, karibu miezi minne nimekuwa mtu aliyemuua mume wake. Nilikuwa nimezoea. Nilikuwa na mahali pa kukaa. Sasa naambiwa alikufa kazini akipeleka pampu, ana mambo yake, amenisamehe kabla hata sijamaliza kukasirika, na mimi sikuwamo kabisa. Wewe pia hukuwamo. Nilidhani nikisikia habari kama hii nitapumua. Nilirudi Bunda nimekaa dirishani, na tulipopita Makutano nilitazama. Ni njia tu. Mwanamke alikuwa anauza karanga.

Usiku sikulia. Leo asubuhi Tereza alimwaga uji, nikakasirika, nikapiga meza, na mkono ukauma. Umeuma kweli. Bado unauma ninapoandika.

Jenipher

*

Butiama, 3 Julai 2025

Jenipher, mama yake Tereza,

Sifa kwa Mungu, hatujambo. Scholastika amerudi. Ndama hana jina, Tereza ampe. Mtama wa Emanuel tumeukata Jumamosi, Mzee Hezron na vijana wa jumuiya walikuja. Uliosimama kando ya barabara niliwaambia wauache kwa wapita njia, na asubuhi yake nilikuta wameshaukata, sijui nani. Vizuri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza, nilipofika pale aliposema mama anaumwaga kila wiki ya tatu, nilicheka. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Scholastika akaja kuangalia. Nikamwonyesha, naye akacheka, maana jumbe zote alizituma yeye. Kumbe mtoto alikuwa anajua miaka yote. Alikuwa anakuja na kunitazama usoni na kuniuliza, "Umepata nafuu?" na mimi nasema, "Kidogo."

Mara ya pili sikucheka. Nilikasirika, kama wewe na uji. Nilikwenda kaburini nikamwambia, mimi nimekaa hapa na dhambi ya kukuua na wewe unakwenda Lamadi! Nikasikia haya, nikarudi. Mniko alikuwa ameshaleta moramu, pamekaa sawa.

Mara ya tatu nililala nayo kifuani mchana.

Sijui tunafanya nini sasa. Nilikuwa kila asubuhi nikiamka nakuta lile jambo limeniwahi kuamka. Leo nimeamka halikuwepo, na nyumba ikawa kubwa. Sitakuambia nina furaha. Padre alisema Roho ni Mfariji, na mimi nilidhani faraja ni kitu kinachokuja kikakaa kama mgeni. Huenda ni kule kuondoka kwa kitu kingine tu, ukabaki na nafasi ambayo hujui uweke nini.

Sasa kuhusu Tereza. Umeandika sikusikia. Kweli sikusikia. Lakini masikio yalipoanza kufa nilijifunza midomo, na mdomo wa mtoto yule ni mdomo wa baba yake. Nilimwona. Alisema: "Mmeamkaje nyumba hii? Nimerudi." Ndivyo Emanuel alivyokuwa akisema akifika mlangoni, tangu ana miaka yake saba, akitoka shule. Sikukuambia siku ile kwa sababu ningelia mbele za watu, na mikate yangu ilikuwa imeungua tayari.

Nikakaa nikafikiri. Wewe hutakuja kuishi huku, na mimi sitaki. Kazi yako iko Bunda. Lakini mtoto ana lugha ya baba yake sentensi mbili tu, na aliyekuwa anamfundisha amekufa. Ndugu zake waliobaki wanaoijua vizuri ni mimi na Mniko, na Mniko ni mtu wa Musoma sasa, anachanganya. Mimi sisikii, lakini kusema bado nasema. Nitamwona mdomo akikosea.

Kwa hiyo naomba kitu ambacho kwetu mkwe ndiye humwomba mama mkwe, si mama mkwe kumwomba mkwe. Naomba unipokee. Wiki tatu, labda nne, halafu unanirudisha. Au hunirudishi, tutaona. Scholastika atakamua ng'ombe. Nalala popote, sihitaji godoro, ila nataka dirisha.

Nakuja Jumanne na Isaya. Amesema pikipiki imetengenezwa, sijamwamini, lakini nakuja. Tutashukia pale sokoni kwenye ndizi, kabla ya saa nne. Pana watu wengi. Simama mahali nitakapokuona.

Helena